Mtu wa Kukata Maji

Sisi wapenzi wa timu yetu tukikutana popote, iwe sokoni, iwe msibani, hatuanzi na magoli. Magoli kila mtu anayajua, hata waliozaliwa juzi wanayasimulia kama walikuwapo. Sisi tunaanza na waliotucheka. Tunawataja mmoja mmoja, huyu alisema hivi, yule alisema vile, mpaka chai inapoa mezani. Yuko yule mwenye bucha aliyeapa kwamba timu ikipanda daraja atachinja ng'ombe agawe nyama bure, na siku ilipopanda alifunga bucha akaenda kuwasalimia wakwe zake. Yuko mwinjilisti aliyesema Mungu hana muda na watu wanaokimbiza ngozi. Hao tunawacheka, yanaisha. Mkubwa wao alikuwa Karani, na kwa Karani mimi huwa sicheki.

Jina analo, ila hakuna aliyelitumia na mimi sitalitumia. Alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, kule juu ya Bulyaga, ambako sisi wakulima wadogo tulikuwa tunapeleka makapu yetu siku za mnunuo. Mizani ilining'inia kwenye boriti. Unatundika kapu lako, unarudi nyuma hatua moja, unasubiri. Kabla mshale haujatulia, Karani alikuwa ameshatumbukiza mkono kwenye majani, akautoa, akavisugua vidole, akakohoa kidogo. Huyo mtu alikuwa anakohoa kila anapotaka kusema neno baya. Halafu anasema, "Maji haya." Na anakata.

Kukata maji si wizi, nieleweke. Majani yaliyochumwa mvuani yana uzito wa mvua, na kiwanda hakinunui mvua. Kwetu Rungwe nguo inaota ukungu kwenye kamba, sasa nani atabisha kwamba kapu lina maji? Hakuna aliyebisha. Tatizo ni kwamba Karani alikata hata siku ya jua. Mama mmoja wa Kinyala aliwahi kuleta majani aliyoyatandaza kwenye mkeka mpaka yakaanza kunyauka, maana alikuwa amechoka na habari za maji. Karani akatumbukiza mkono, akakohoa, akasema maji haya. Yule mama akauliza, "Maji ya wapi, Karani, na jua lote hili?" Akajibiwa, "Ya jasho lako." Watu wakacheka, na wakati watu wanacheka yeye akakata.

Alikuwa mfupi, msafi, ananukia sabuni. Katika wilaya ambayo mikono ya kila mtu imeshika weusi wa utomvu wa chai au wa ndizi, yake ilikuwa myeupe kwenye viganja kama ya mtu aliyetoka hospitali. Kidole cha mwisho alifuga ukucha. Hatembei bila mwavuli mweusi na kigoda cha kukunja ambacho alikinunua Mbeya mjini, na popote alipofika alikikunjua akakaa yeye, wazee wenzake wakiwa wamesimama. Sijawahi kumwona akimpisha mtu.

Ile tabia ya mizani aliibeba mpaka nje ya kituo. Mchungaji akihubiri vizuri, watu wakitoka wamefuta machozi, Karani anasimama mlangoni pa kanisa anasema, "Toa maji, tuone kinachobaki." Bwana harusi akija na suti, toa maji. Mtoto wa fulani kafaulu kwenda sekondari, toa maji. Nilipofungua kibanda changu cha kwanza cha chai na maandazi, aliketi, akala maandazi mawili, akafuta mdomo, akasema unga ni mwingi kuliko maandazi. Mpaka leo sijaelewa alimaanisha nini, na yeye pia naamini hakuelewa, lakini neno likaenea na kwa wiki nzima nikakosa wateja.

Basi timu yetu ilipoanza, mnaweza kujua alisema nini.

Timu ilianza na vijana wa Bulyaga na wachache wa Kinyala. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba ndiyo imeanza kushuka kwa marobota, na viatu vyetu vya kwanza vilitoka humo humo, kila mtu na rangi yake, winga wetu mmoja akivaa kiatu cha kulia kikubwa kuliko cha kushoto. Uwanja ulikuwa tope. Mbele ya goli la upande wa mlimani kulikuwa na dimbwi ambalo halikukauka mwaka mzima. Bata wa jirani walilijua kama kwao. Karani alikuja na kigoda chake mazoezi ya kwanza kabisa, akakaa chini ya mwavuli, akatazama, akakohoa. "Hawa," akasema, "hata ukiwakamua usipate timu. Ni maji matupu."

Sasa niseme na hili, nisije nikaambiwa namsingizia. Yule mtu hakukosa mazoezi. Wapenzi wenyewe tulikuwa tunakosa, mvua ikizidi tunabaki jikoni, lakini Karani yupo. Alijua jina la kila mchezaji, na mguu anaoutumia, na aliyekula na asiyekula. Mpira ulipopasuka aliuchukua kwake, akaziba kibofu kwa gundi ya baiskeli, akaurudisha umejaa vizuri. Nahodha akamwambia asante mzee. Akajibu, "Msinishukuru. Sipendi tu kuona upuuzi unachezwa kwa mpira uliolegea." Nimejaribu miaka yote kumweka mtu wa namna hiyo mahali pake kichwani mwangu, nimeshindwa. Anayechukia kitu hukaa nacho mbali. Yeye alikuja kukichukia kwa karibu, kila jioni, kwa kujitolea.

Lakini simdharau kwa sababu ya hayo. Waliotucheka walikuwa wengi, tungewadharau wote tusingepata muda wa kulima. Mimi namdharau kwa sababu ya baba yangu.

Kipa wa timu yetu alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Baba alikuwa rafiki wa Karani tangu ujana wao, waliimba kwaya pamoja, sauti ya nne. Na baba alikuwa mtu wa kuogopa. Simlaumu. Wakati ule vijana walikuwa wanatoka nyumbani asubuhi wanasema wanakwenda Tunduma kufanya biashara, wengine wanarudi na redio, wengine hawarudi. Baba alitaka mwanawe apate kazi kiwandani, avae ovaroli, awe na nyumba ya kiwanda. Na mtu pekee tuliyemjua ambaye alikuwa anaweza kuingia ofisini kule akasema neno ni Karani. Karani akamwambia baba, "Nitamwombea nafasi. Ila aache mpira kwanza. Kiwanda hakitaki mtu wa kurukaruka."

Mdogo wangu akakataa. Alikataa kwa adabu, ameinamisha kichwa, lakini alikataa. Tangu siku hiyo baba akaacha kumsemesha. Chakula atapewa, maneno hapana. Anatuambia sisi, "Mwambieni mwenzenu kuni zimeisha," na mwenzetu ameketi pale pale, goti kwa goti naye.

Mdogo wangu hakuwa mtu wa kulalamika. Alitaka kitu kimoja tu, na aliniambia mimi peke yangu. Alitaka baba aje asimame kwenye mstari mara moja, amwone akidaka. "Hata akija amenuna, dada. Asimame tu." Mimi nilikuwa nauza chai na maandazi pembeni ya uwanja, kwa hiyo kila mechi kabla ya kuvaa glovu zake za mtumba alikuja kwenye ndoo yangu kama anayetaka andazi, akaniuliza chinichini, "Mzee kaja?" Ninainua kichwa, natazama ule mstari wa miavuli na majani ya migomba ya kujifunikia. Ninamwona Karani na kigoda chake. "Bado," ninamwambia. Anarudi golini.

Tukashinda huku na huku, tukapanda, tukapanda tena. Wazee wakaanza kusogea uwanjani, hata wa Masukulu wakawa wanakuja kwa miguu. Baba naye nilimwona anaanza kulegea. Siku moja aliuliza, akiwa anatazama moto, kwamba hivi kipa anaruhusiwa kushika kwa mikono au namna gani. Nikamweleza. Nikasema moyoni, huyu anakuja.

Ikabaki mechi moja. Tukiishinda tunaingia ligi kubwa, tutacheza na timu tunazozisikia redioni. Wageni walitoka nchi ya joto na mchanga, walikuja na basi lao, wote wamevaa sare moja mpaka soksi. Wiki ile baba alitoa koti lake kwenye sanduku, lile la kaki la kwendea kanisani, akalitundika kwenye msumari karibu na mlango. Kwetu mtu hatundiki koti lile mlangoni bila safari. Mdogo wangu aliliona. Alikula ugali mwingi jioni ile kuliko siku zote.

Keshokutwa yake Karani akaja. Akakunjua kigoda ndani ya nyumba yetu, nyumba yenye viti. Nikampa chai. Akalitazama koti, akakohoa.

"Ndaga, asante, mwenzangu. Unasafiri?"

"Nafikiria kwenda kuona huo mpira Jumamosi," baba akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Usiende." Akanywa chai yangu. "Nakwambia kwa kuwa wewe ni mwenzangu. Hawa watoto wamejifunzia matopeni, hawajui mpira unavyokimbia. Wale wageni watamjaza kijana wako magoli kama anayejaza kapu. Utasimama pale, mzee wa kanisa, watu wanageuka kukutazama wewe. Utaweka wapi uso?"

Nilikuwa nimeshika birika. Nilitamani nimmwagie, nasema kweli mbele za Mungu, na badala yake nikamwongezea, kwa sababu nimelelewa. Alipoondoka baba akasema, "Mvua nayo itakuwa kubwa Jumamosi."

Mvua ilikuwa kubwa kweli. Ilianza alfajiri na haikupumua. Mdogo wangu alikuja kwenye ndoo yangu. "Mzee kaja?" Nikamwambia watu ni wengi na ukungu umeshuka, simwoni mtu wa upande wa pili, labda yupo. Akaitikia kwa kichwa akaenda.

Wale wageni, jamani, walikuwa wanajua mpira. Lakini mpira wao ulihitaji ardhi, na sisi tulikuwa na uji. Walianguka, wakainuka, sare zote zikawa rangi moja na zetu. Sisi tulitangulia kwa goli la kugombania, hata mfungaji hakujua kama ni yeye. Baada ya mapumziko wageni wakabadili mchezo, wakaanza kutupa mipira mirefu juu juu, wakatuzingira. Hapo Karani akasimama, akakunja kigoda. Nilimwona kwa macho yangu akipita nyuma yangu kuelekea barabarani, anawaambia watu waliokuwa wanakuja, "Rudini tu, wamekwisha."

Karibu na mwisho mshambuliaji wao akawapita mabeki wetu wote, akabaki na mdogo wangu, upande ule wa mlimani. Akamtoka. Akausukuma mpira taratibu uende wenyewe, akageuka akanyanyua mikono kushangilia. Mdogo wangu hakuruka, hakukimbia. Alitembea. Sisi tulijua kwa nini, na bata walijua. Mpira ulifika kwenye dimbwi, ukasimama. Akainama akauokota kama mtu anayeokota boga shambani kwake. Uwanja mzima ulicheka, mpaka baadhi ya wageni wakacheka.

Filimbi ilipolia watu waliingia, wakambeba mdogo wangu juu. Nikatazama walioshika miguu yake. Mguu wa kulia ameushika nahodha. Mguu wa kushoto ameushika Karani, mwavuli umempotea, tope mpaka kifuani, anapiga kelele, "Si nilisema! Si niliwaambia!" Sijui alirudi saa ngapi. Nilitema mate chini. Kama kuna mtu wa kanisani alikuwa karibu, aliniona.

Nilirudi nyumbani nimelowa mpaka mifupa. Baba alikuwa mbele ya moto anachoma ndizi. Koti lilikuwa kwenye msumari. Nililigusa nikiwa napita, kama bahati mbaya. Kavu. Siku ambayo hakuna kitu kikavu wilaya nzima.

"Wamefungwa mangapi?" baba akaniuliza.

"Tumeshinda."

Akaigeuza ndizi. Halafu akasema, "Golini alikaa nani?"

"Mwanao, baba."

Akatikisa kichwa polepole, akasogeza kuni. Msimu ule ule kifua kikamshika, na ligi kubwa ilipoanza tulikuwa tumeshamzika. Hakuwahi kumwona mwanawe akidaka hata mpira mmoja. Nami sikumwambia mdogo wangu habari ya koti, wala yeye hakuniuliza tena kama mzee alikuja.

Miaka ikaenda. Kiwanda kikabadili wenyewe, wenye mali wapya wakaleta mizani yao na makarani wao vijana, na Karani akarudishwa nyumbani na kigoda chake. Sikumsikia mtu hata mmoja aliyesema pole kwa sauti. Hapo ndipo alipopata kazi yake ya pili, kazi ya kusimulia timu yetu. Kila nilipomsikia amepanda cheo. Kwanza alikuwa mpenzi wa mwanzo. Baadaye akawa mshauri wa benchi. Mwisho ikawa yeye ndiye aliyeshauri lile dimbwi lisifukiwe.

Mara ya mwisho nilimkuta Masukulu, kwenye msiba wa mama yetu mdogo. Mimi nilikuwa na wanawake jikoni, tunamenya ndizi. Wanaume walikuwa chini ya turubai kwenye mabenchi, na yeye katikati yao, amekaa kwenye kigoda kile kile, kimefungwa waya mguu mmoja. Amezeeka, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Nikaenda kumpa shikamoo yake, maana umri ni umri. "Marahaba, binti yangu," akasema, bila kunitazama, kwa kuwa alikuwa anasimulia. Mdogo wangu alikuwa ameketi mbele yake, naye mvi zimemwanza.

"Ninyi hamkuwapo," Karani alikuwa anawaambia vijana. "Mvua ile! Mimi na mzee wa huyu bwana tulisimama pamoja, mwavuli mmoja, upande ule wa ukungu. Mimi ndiye niliyempitia nyumbani. Nikamwambia, mwenzangu, vaa koti twende tukamwone mtoto."

Nilikuwa na kisu cha kumenyea mkononi, nikakiweka chini kwa makusudi. Nilikuwa nimeingoja siku hii miaka yote, mbele ya watu, na watu walikuwapo. Nikafungua mdomo.

"Mzee alivaa koti gani?" mdogo wangu akauliza.

"Lile la kaki. La kanisani. Lililowa mpaka mifukoni, ukilikamua unajaza ndoo."

"Na nilipouokota ule mpira kwenye maji, alifanyaje?"

Nikamsubiri Karani akohoe, hakukohoa. "Alinishika mkono," akasema. "Hapa. Akaniambia, yule wa kwangu. Akairudia. Yule golini ni wa kwangu."

Mdogo wangu akatazama chini muda mrefu. Nikafunga mdomo, nikarudi jikoni. Wakati wa kupakua chakula nilimhudumia yule mzee mimi mwenyewe, nikamjazia sahani.

Tulirudi kwa miguu mpaka barabara kubwa, mimi na mdogo wangu, manyunyu yameanza. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Yule mzee muongo. Siku ile koti..."

"Lilikuwa kavu," akasema. "Niliporudi nililigusa."

"Ulijua?"

"Siku zote."

"Sasa mbona ulikuwa unamuuliza? Yule ndiye aliyemzuia baba asije!"

"Najua, dada." Akanishika mkono tukavuka mfereji. "Na tangu baba afe, hakuna mwingine aliyewahi kumleta uwanjani."

Mpaka leo sijampatia jibu, na Karani namdharau vilevile.